Jua la Lodwar Linajua Rangi Kuliko YouTube

Ukitaka kujua rangi ni kitu gani, pita Lodwar mjini mwendo wa saa nane mchana uangalie mabango ya zamani kwenye kuta na vibanda. Mhubiri wa mkutano wa injili uliopita kitambo amegeuka buluu. Mgombea aliyeangushwa kwenye kura naye ni buluu. Kuku wa kukaanga kwenye bango la hoteli ni buluu pia, na sijui nani atamwagiza akiwa katika hali hiyo.

Hakuna aliyewapaka. Ni jua tu. Picha ya rangi inayotoka kwenye mashine ya kuchapisha hujengwa kwa wino wa aina nne: sayani, ambayo ni buluu inayoelekea kijani, majenta, ambayo ni nyekundu inayoelekea waridi, njano, na nyeusi. Wino ukiwa wa bei nafuu, njano na majenta ndizo huwahi kuchujuka zikipigwa na jua. Sayani na nyeusi hukaa zaidi. Kwa hivyo uso wa mhubiri, uliokuwa mchanganyiko wa zote nne, unapoteza joto lake na kubaki na zile mbili zilizovumilia.

Hapo kuna somo zima la kuchanganya rangi, limebandikwa ukutani, halina karo. Lakini darasa la grafiki huwa halianzii hapo. Huanza na gurudumu la rangi kwenye projekta, vipande 12, majina 12 ya Kiingereza. Mwanafunzi ananakili, anafanya mtihani, anapita. Wiki inayofuata anatengeneza bango la maandishi mekundu juu ya kijani kibichi na hakuna mtu anayeweza kulisoma kutoka ng'ambo ya barabara.

Mimi si mwalimu, na chuo chenyewe nilikiacha njiani, kwa hivyo usinichukulie kama profesa. Ila nimekaa nyuma ya madarasa ya aina hii, Lodwar na Kakuma, nikatazama vijana wenye macho makali wakijifunza rangi upya kama watoto wa nasari, kutoka kwa video iliyorekodiwa mahali penye theluji. Hiyo ndiyo inaniuma. Wanaingia darasani wakiwa na ujuzi, na hakuna anayewauliza.

Na si jambo dogo. Grafiki ni moja ya kazi chache ambazo kijana wa Turkana anaweza kuanza akiwa na simu, chaji na bando. Kule Kakuma, Don Bosco wamefundisha ufundi kwa miaka mingi, FilmAid wakafunza vijana kupiga filamu, na Baraza la Wakimbizi la Norway pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Biashara wakaleta mafunzo ya kutafuta kazi za mtandaoni. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali cha usafiri. Kwake yeye, kazi inayosafiri kwenye intaneti kwa niaba yake si mchezo wa wikendi. Na mteja aliye mbali ana maelfu ya watu wa kuchagua. Ukimtumia kazi iliyotokana na kiolezo kilekile cha Canva, rangi zilezile za kila mtu, ataona nini cha kumfanya akulipe wewe?

Anza na mbuzi

Ningekuwa mimi ndiye nimepewa kipindi cha kwanza, projekta ingebaki imezimwa. Ningewaambia wanafunzi: chagua mbuzi watano unaowajua, utueleze rangi zao bila kunyoosha kidole na bila picha, mwenzako achore.

Waliochunga watashinda asubuhi na mapema. Mfugaji Mturkana hahesabu mifugo kwa namba halafu akaenda kulala. Anamjua kila mnyama kwa rangi ya ngozi, mabaka, pembe, alama za masikio. Mtafiti Mjapani Itaru Ohta alichapisha mwaka 1987 utafiti kuhusu jambo hilohilo, jinsi Waturkana wanavyomtambua na kumwita kila mnyama, na ukiusoma unaona kwamba kumbe babu zetu walikuwa na mfumo wa rangi kabla ya mtu yeyote kusikia habari za pikseli. Wanaume huitwa kwa majina yanayotokana na rangi ya maksai wao wanayempenda. Ukikutana na mzee anaitwa Lokwang, jina lake limebeba weupe.

Sasa angalia kinachotokea darasani. Mmoja atasema mbuzi wake ni kahawia. Mwenzake atauliza, kahawia ipi? Iliyokolea au iliyopauka? Karibu na nyeusi au karibu na mchanga? Hapo tayari wamegundua mambo matatu ambayo kitabu hutumia kurasa kumi kuyaeleza. Kuna aina ya rangi yenyewe, nyekundu au kijani. Kuna kiasi cha mwanga ndani yake, iwe imeelekea nyeupe au nyeusi. Na kuna kukolea, yaani ni rangi kali au imechujuka kama fulana iliyofuliwa mara mia. Kubadilisha rangi yoyote kwenye programu yoyote ni kusukuma moja ya hizo tatu, basi. Tena Kiswahili kina vitenzi vyake safi kabisa: kukolea, kufifia, kupauka, kuchujuka, kuiva. Sielewi kwa nini tunavificha darasani.

Si wote walichunga, najua. Kuna mtoto wa Lodwar mjini ambaye mbuzi anamjua akiwa kwenye sahani. Kuna Mkongomani Kakuma ambaye amekulia kwenye vitenge, na huyo ukimpa vitenge vitano utashangaa anachoweza kukuambia kuhusu rangi zinazokaa pamoja na zinazogombana. Kila mtu ana ghala lake. Kazi ya mwalimu ni kupata ufunguo.

Kuna watu husema Kiswahili ni maskini wa rangi. Ni kweli kwamba tuna vivumishi vitatu tu vya asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu wakidai kwamba lugha za dunia huanza na nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, kabla ya nyingine. Wasomi wamebishana nao tangu hapo, lakini Kiswahili kiliwapa mfano mzuri. Baada ya hizo tatu, tunaenda kuchukua rangi kwenye vitu: kijani kwenye majani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda, manjano kwenye bizari, samawati kwenye mbingu za Waarabu. Huo si umaskini. Ni mazoezi ya darasani yaliyotayarishwa tayari. Mwambie mwanafunzi aende na simu, apige picha vitu kumi kati ya nyumbani na shule, achukue rangi kuu ya kila kimoja kwa kile kitone cha kuchagua rangi, aipe jina. Mchanga wa laga. Maji ya Turkwel yakifurika. Bati lililoshika kutu. Mwisho wa wiki darasa lina rangi ambazo hakuna mtu Nairobi wala London anazo.

Linganisha na kutafuta rangi za "vuli" mtandaoni. Utaletewa machungwa, nyekundu ya matofali, kahawia, kwa sababu kwa wenzetu huo ni msimu wa majani kukauka na kuanguka. Kwetu vuli ni mvua. Ikinyesha Turkana, nchi inashika kijani kwa siku chache hadi unadhani umepotea njia.

Gurudumu lilipotufikisha na lilipotuacha

Sisemi gurudumu litupwe. Isaac Newton alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, ukagawanyika, naye akazipanga rangi hizo kwenye duara katika kitabu chake cha 1704. Aliamua ziwe 7 kwa sababu alitaka zilingane na noti za muziki, jambo ambalo huwa nalikumbuka kila mtu anaponiambia duara hilo ni sheria ya Mungu. Duara linasaidia. Rangi zilizo jirani huelewana, zinazotazamana hushtuana, na ukitaka bango liite watu unachukua zinazotazamana.

Tatizo ni pale mwanafunzi anapodhani kushtuana ndiko kusomeka. Nyekundu na kijani zinatazamana kwenye duara. Ziweke maandishi juu ya mandharinyuma uone. Macho yanacheza, herufi zinatetemeka, ujumbe haupo. Sababu ni kwamba zinaweza kuwa tofauti kwa aina na zikafanana kwa kiasi cha mwanga, na jicho husoma herufi kwa tofauti ya mwanga kwanza.

Hili lina hesabu yake. Kanuni za kimataifa za tovuti, zinazoitwa WCAG, hupima tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21:1, hakuna zaidi ya hapo. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafikishe angalau 4.5:1, makubwa 3:1. Nyekundu kamili ya skrini juu ya kijani ya wastani haifiki hata 1.5:1. Njano juu ya nyeupe ni karibu 1:1, yaani umeandika hewani, ilhali njano hiyohiyo juu ya nyeusi inapita 19:1. Na hii huwashangaza wengi: ile nyekundu kamili juu ya nyeupe, ambayo kila kanisa na kila kilabu cha mpira hukimbilia, ni kama 4:1, haijafika. Pia wapo wanaume ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, wengine hawajui mpaka leo.

Huhitaji kukariri namba. Simu nyingi zina mpangilio wa kuondoa rangi zote zibaki nyeusi na nyeupe. Washa huo, angalia bango lako. Kama maandishi yamezama, hata ukiongeza rangi kali namna gani yatazama tu. Kisha toka nje. Hii ya kutoka nje ndiyo haimo kwenye video zao. Kazi iliyotengenezwa chumbani giza likiwa limeingia, mwanga wa skrini ukiwa juu, itasomwa Lodwar na mama muuza mboga akiwa ameshika simu yenye ufa juani. Kijivu juu ya kijivu hafifu, ule mtindo wa kampuni za teknolojia, huku ni kioo kitupu. Na bango la nyeupe tupu likitundikwa kando ya barabara litakuwa la rangi ya vumbi kabla ya sherehe yenyewe. Mafundi wa jua kali wanaoandika kwa brashi kwenye vinyozi na maduka walilijua hili zamani: herufi nene, ukingo mweusi, mandharinyuma ya rangi moja. Tunawacheka kwa tahajia, lakini kazi zao zinasomeka.

Kuna jaribio lingine la bei ya karatasi. Josef Albers, Mjerumani aliyehamia Marekani, alitoa mwaka 1963 kitabu kuhusu rangi zinavyoathiriana, na mazoezi yake mengi ni karatasi tu. Kata vipande viwili vya kijivu kutoka karatasi moja. Bandika kimoja katikati ya manila nyeusi, kingine katikati ya nyeupe. Darasa zima litaapa ni kijivu mbili tofauti. Ukishaona hilo kwa macho yako, hutawahi tena kuchagua rangi ikiwa peke yake. Utaichagua ikiwa na majirani zake, na jirani mkubwa Turkana ni mchanga na mbingu.

Mengine nipitie haraka. Skrini huchanganya mwanga, nyekundu na kijani na buluu, na zote zikijumlishwa unapata nyeupe. Wino hunyonya mwanga, na ukijumlisha unaelekea nyeusi. Ndiyo maana buluu kali ya simu ikifika kwenye karatasi inaweza kugeuka zambarau. Agiza kipande kidogo cha majaribio kabla ya kulipia bango zima, hasa kama linachapishwa Kitale au Eldoret na kuletwa na basi. Kulirudisha ni doh na ni siku.

Kilomita 120 mbele, rangi zinabadilika maana

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 za barabara ileile, mchanga uleule. Lakini mwalimu wa rangi akivuka na noti zilezile amepotea.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, ikawapokea vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu nchi hadi nchi. Kalobeyei ikafuata 2016. Leo kwa pamoja ni karibu watu 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Congo, Burundi, Ethiopia na kwingine, wanaoishi pamoja na wenyeji Waturkana. Hawasomi lugha moja. Bango la maji au la chanjo likishindwa kwa rangi na picha, maneno peke yake hayataliokoa.

Sasa tengeneza bango la mashindano ya mpira. Ukiweka samawati, Msomali ameona bendera yake, Mkongomani ameona yake, na wote wawili wameona nembo za mashirika ya Umoja wa Mataifa wanazoziona kila siku. Je, mchezo huu ni wa kwetu au ni mradi? Ukiweka kijani, njano na nyekundu, Muethiopia anatabasamu na wengine wanauliza kama wamealikwa. Sudan Kusini ina rangi sita kwenye bendera moja, utaichokoza bila kutaka. Hakuna jibu la kitabuni hapa. Lazima mwanafunzi atoke, aulize watu.

Ndiyo maana zile orodha za maana za rangi, eti nyekundu ni ushujaa na kijani ni uhai, mimi huziruka. Wageni wanapenda sana kutuandikia maana. Hata ukitafuta mtandaoni utaambiwa Kakuma ni neno la Kiswahili linalomaanisha "hakuna mahali". Kiswahili cha wapi hicho? Chukua kijani. Katika kiangazi cha Turkana, kijani kinachobaki kinang'aa wakati kila kitu kimekufa mara nyingi ni mathenge, ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kero. Maganda yake matamu yanaharibu meno ya mbuzi, hadi wakazi wa Baringo wakampeleka mbuzi asiye na meno mahakamani kama ushahidi. Mwambie mfugaji kijani ni mazingira salama, umsikilize atakavyokujibu.

Au chungwa. Lodwar, kama kwingine Kenya, chungwa haijawa rangi tu tangu kura ya maoni ya Novemba 2005, ambapo ndizi ilikuwa Ndiyo na chungwa Hapana, na chama cha ODM kikazaliwa humo. Njano na kijani nazo zina wheelbarrow yake siku hizi. Kinyozi anayetaka tu bango la kupendeza anaweza kujikuta amechagua upande, na 2027 ndiyo hiyo inakuja.

Vuka Kakuma, chungwa ileile ina hadithi nyingine. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilienda Olimpiki ya Rio, wanariadha 10, watano wao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotokea Kakuma. Msanii kutoka Syria, Yara Said, aliwachorea bendera: chungwa tupu, mstari mmoja mweusi. Aliichukua kwenye jaketi za kuokolea maisha baharini. Haikuwa bendera rasmi. Rose Nathike Lokonyen, binti wa Kakuma, aliingia uwanjani ameshika ile ya Olimpiki.

Kama usanifu, ni kazi kali. Rangi mbili, tofauti ya mwanga ya kutosha, inaonekana kutoka mbali, ina sababu. Lakini Rose na wenzake hawakufika Kenya kwa boti. Walikuja nchi kavu, na kuna watu Kakuma ambao hawajawahi kuona jaketi hiyo hata kwenye picha. Bahari ya Yara ni ya kweli kwake. Si ya kila mkimbizi.

Ningemaliza muhula kwa swali hilo. Bendera ile ingechorwa na darasa la Kakuma, ingekuwa na rangi gani? Mtu atataja njano ya mtungi wa maji wa lita 20, mwingine nyeupe ya hema ambayo siku hizi si nyeupe. Wabishane kwanza, hata kipindi kizima. Kisha kila mmoja achore ya kwake kwa rangi mbili pekee, aipime kwenye simu iliyoondolewa rangi, aitundike nje saa saba mchana, na wengine wasimame mita 50 waseme wanaona nini.